Tumehamia Tanga na wazee watatu: miji mitatu, madalali wawili na choo kimoja

Naandika nikiwa barazani, Ngamiani, Tanga, saa kumi na moja jioni. Baba yuko kijiweni kwenye bao. Mama anachambua mchicha. Shangazi ameniuliza mara ya tatu kama nimemwita, na mara ya tatu nimemjibu, "Hapana shangazi, ni muuza barafu." Tuna miezi mitano hapa. Kabla ya hapo tulizunguka na wazee kama watu wanaonunua ng'ombe mnadani, tunakagua meno ya kila mji. Kwa kuwa ndugu na marafiki hawaishi kuniuliza tulifikaje huku, nimeona niandike mara moja: miji tuliyoijaribu, madalali tuliowalipa, na mambo ambayo ningeyajua mapema ningeokoa hela.

Kwanza mjue tuko wangapi, maana ushauri wa kuhama watu wawili haufai kwa watu tisa. Baba ana miaka 74, fundi mstaafu wa reli, ana presha na goti moja linalotabiri mvua. Mama ana 69, alifundisha shule ya msingi miaka 36, ana sukari. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hajui alizaliwa lini, ila anakumbuka kwamba siku ya uhuru alikuwa ameshachezwa unyago. Jicho lake la kulia limekufa, la kushoto lina ukungu. Kuna mimi na wanangu watatu, kuna wifi yangu, mjane wa kaka, na mtoto wake wa miaka sita. Mume wangu kazi yake iko bandarini Dar, anakuja wikiendi moja ndiyo, moja siyo. Mimi naandika hesabu za maduka matatu ya Kariakoo kwa kompyuta, kwa hiyo popote penye umeme na intaneti ni ofisini kwangu.

Tulikuwa Tabata, Dar, kwenye nyumba aliyoijenga baba mwenyewe. Nyumba ilibaki palepale, mtaa ndio uliohama: kushoto baa, kulia godauni, mbele bodaboda. Lakini hatukuondolewa na muziki. Tuliondolewa na foleni ya Buguruni. Baba anameza kidonge cha presha kinachompeleka msalani kila baada ya nusu saa, na siku ile tulikuwa tunarudi kutoka kliniki Muhimbili, gari limesimama, hakuna kwa kushuka. Mkononi alikuwa na kopo tupu la maji. Akanitazama, kisha akageukia dirishani. Sikumuuliza kitu, na yeye hakusema kitu mpaka nyumbani. Ijumaa ya wiki ileile aliitisha kikao.

Kikaoni kila mtu alikuja na mji wake. Mdogo wangu, mtumishi wa serikali, alitaka wote tumfuate Dodoma. Mama, Mluguru, akasema kwao ni Morogoro na hajasahau njia. Baba ni Mbondei wa Muheza, akataka turudi kijijini kabisa, kwenye michungwa ya babu. Nilidhani shangazi angeshangilia, kwa kuwa huko ndiko alikoishi mpaka macho yalipomlazimisha kuja kwetu. Akakataa kabla baba hajamaliza. "Wanaolitamani shamba ni nyinyi mlioondoka. Mimi nimelima tangu mtoto, niacheni niishi karibu na bomba." Kijiji kikafia pale, na nadhani shangazi alituokoa. Watu wengi wanawarudisha wazee kijijini kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kusemwa kwenye kikao, halafu kila mwezi wanakodi gari kuwafuata kuwapeleka kliniki.

Nikaweka sharti moja. Hatuchagui mji kwa kuutembelea sikukuu. Tunakwenda wiki nzima, siku za kazi, na kila mzee afanye jambo lake moja la kawaida huko: kliniki, soko, msikiti. Mume wangu alisema ni gharama. Ni kweli, safari zote tatu zilikula karibu milioni mbili. Lori la kuhama lenyewe lilikula milioni moja na laki nne kwenda tu, na godoro moja wakalirudisha Dar kwa bahati mbaya. Kuhama mara mbili kungekuwa ghali zaidi ya kuonja mara tatu.

Dodoma ilitangulia kwa sababu malazi yalikuwa ya bure. Ilikuwa Julai. Tulipanda treni ya umeme, 31,000 kwa mtu mzima, watoto nusu. Baba alimwambia kila aliyekaa karibu kwamba reli ya zamani upana wake ni mita moja kamili na hii ni milimita 1,435. Mhudumu alipopita akaambiwa na yeye. Lakini kilichomfurahisha zaidi hakikuwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Behewani kuna choo. Alikwenda mara tatu, na kila akirudi alikuwa amenyooka kidogo kuliko alivyokwenda.

Kwa mdogo wangu ni nyumba mpya, vigae vinang'aa, geti la chuma, ukuta juu. Nisifie panapostahili: mwenye mgonjwa wa figo au wa moyo ndani ya nyumba, Hospitali ya Benjamin Mkapa peke yake inatosha kuwa sababu. Mama alipimwa sukari na kumwona daktari, akatoka na dawa akiwa bado ana hamu ya kupika. Barabara ni pana, na taa za barabarani zinawaka. Upepo wa Julai ndio ulionishinda. Vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari, midomo ya watoto ilipasuka siku ya pili, na visigino vya mama vilianza kuchanika. Kwa mwenye sukari kisigino kilichopasuka si jambo la urembo, ni kidonda kinachosubiri siku yake.

Hata hivyo vumbi lingezoeleka. Siku ya tatu baba alijivika koti, akatoka kwenda dukani, kama mita mia tatu. Akarudi upesi mno. Nikamuuliza amekutana na nani. "Mlinzi mmoja na mbwa." Mtaa mzima watu wako ofisini hadi jioni, na wakirudi geti linafunguka, gari linaingia, geti linafungwa. Hakuna mwenye kosa, ni mji wa watu wa kazi. Tangu siku ile nikaanza kuhesabu: baba akienda dukani na kurudi, anaamkiwa mara ngapi? Dodoma, wiki nzima, hakuvuka mara nne kwa safari moja. Kijana mwenye ajira angehamia huko leo nami ningemsaidia kufunga mizigo. Baba aliishi kama mgeni wa hoteli ambaye hajui atatoka lini. Nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za hospitali.

Morogoro tulikwenda Septemba. Nauli ya treni 13,000, hujamaliza hata karanga ulizonunua umefika. Tulikodi kwa wiki nyumba moja upande wa Bigwa, Milima ya Uluguru imekaa mbele kama mzee aliyejifunika shuka. Chakula cha Morogoro sina neno nacho. Soko la Chifu Kingalu utakuta karoti, njegere na viazi vilivyoshuka kutoka Mgeta, vya bei ambayo Dar tungeiita ya kuokota. Mama alirudi ujana. Alitembea sokoni akisema Kiluguru kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na watu wanamjibu. Salamu za baba zilifika kumi na mbili kwa safari, ingawa alilalamika kwamba nusu walikuwa wanamsalimia kama "mume wa" mama.

Nyumba yenyewe haikufaa, iko kwenye mteremko, ngazi kumi na moja kutoka barabarani hadi mlangoni. Mwenye nyumba alituahidi tangi la lita elfu mbili bila kutaja kwamba pampu ya kulijaza imekufa. Nyumba zipo nyingine, nikasema, tutatafuta. Kilichoiangusha Morogoro walikuwa ndugu.

Walikuja Jumatatu, wanne, na ndizi. Jumanne wakaja saba. Kufikia Alhamisi mama alikuwa na kadi nne za michango ya harusi, mgonjwa mmoja wa kuangaliwa, na mjukuu wa binamu yake aliyekosa ada. Kila mmoja alikuja na heshima zote, amepiga goti, "shikamoo bibi, tumefurahi umerudi nyumbani." Mama hajui kusema hapana kwa mtu aliyepiga goti. Ijumaa usiku nilimkuta kitandani na kidaftari chake cha mahesabu na miwani puani. Akasema, "Mwanangu, pensheni yangu ni ya mwezi, ndugu zangu ni wa kila siku." Asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuendelee kutafuta. Nasikia watu wakishauriana juu ya kuwarudisha wazee "kwao" bila hata mmoja kuuliza huyo mzee atarudi kama nani. Mwalimu mstaafu akirudi kwao anarudi kama benki. Naipa Morogoro nyota nne. Yule ambaye ndugu zake wako mkoa mwingine ataniambia ni tano.

Tanga, basi, ikabaki. Ni karibu na Muheza kiasi cha kumridhisha baba, si ndani ya Muheza kiasi cha kumchosha. Mwanzoni mwa Desemba tulitoka stendi ya Magufuli, Mbezi, tukapita Chalinze, tukakata kulia Segera. Tulipofika Muheza baba alinunua machungwa dirishani ambayo hakuyahitaji, ili tu abishane bei kwa Kibondei. Akatukumbusha, kama tulivyojua angetukumbusha, kwamba reli ya kwanza nchi hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, miaka mingi kabla ya Reli ya Kati, kwa hiyo fundi wa reli kuhamia Tanga ni kurudi kwenye mzizi. Tukashuka stendi ya Kange saa tisa mchana, joto limetupokea kama blanketi lililolowa.

Hapa ndipo madalali wanapoingia.

Wa kwanza nilimpata kwa simu. Kijana nadhifu, pikipiki mpya, anaongea na watu watatu kwa wakati mmoja. Masharti yake: 15,000 kila siku ya kuonyeshwa nyumba, na akishakupatia, kodi ya mwezi mmoja ni yake. Hilo la mwezi mmoja ni kawaida, sina ugomvi nalo. Siku tatu alituonyesha nyumba tano. Mbili zilikuwa zimeshapangishwa na watu wanakula chakula cha mchana ndani. Moja picha aliyonitumia ilikuwa ya nyumba ya jirani. Ya nne ilikuwa Raskazone, karibu na bahari, upepo mwanana, bustani, sebule ya kuchezea mpira, na ngazi za terazo zinazoteleza hata ukiwa umevaa raba. Nikamwonyesha ngazi, nikamwonyesha shangazi. Akasema, "Wazee watazoea, dada." Ya tano choo kilikuwa nje, mwisho wa ua, baada ya kisima. "Watazoea." Nikamlipa siku zake tatu tukaagana. Nampa nyota moja kwa kuwahi miadi. Mtu anayesema mzee wa karibu miaka themanini atazoea, hajawahi kumwosha mzee.

Wa pili alipatikana kwenye kahawa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza kahawa akisimulia shida zetu kwa watu asiowajua, kikombe kidogo mkononi na kashata, na mmoja wao akasema, "Mngemtafuta yule mama." Jioni yule mama dalali mwenyewe akaja, kwa baiskeli, khanga imefungwa vizuri, mkoba wa ukili kwenye kikapu cha mbele. Umri wake kama sitini. Jina lake silitaji kwa sababu alinikataza: "Ukinitangaza nitaletewa vijana, na vijana wanataka vigae tu."

Hakuuliza bajeti. Aliuliza tuko wangapi, nani anaamka usiku, nani anaogopa mbwa, baba anaswali wapi, mama anachoma sindano ya sukari au anameza vidonge, na kama sindano, friji ipo? Aliuliza shangazi alikuwa akipika kwa kuni au mkaa, maana, alisema, mzee asiyeona vizuri bado anaujua moto kwa mkono, lakini gesi haina sauti. Nilikuwa nimekaa na orodha yangu ya vyumba na maegesho ya gari, nikaikunja. Kisha akaomba amwone shangazi akitembea. Shangazi akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka, amenyoosha mkono wa kushoto mbele kidogo, kama anayepapasa pazia. Yule mama akaangalia miguu yake tu. "Anainua mguu wa kulia, wa kushoto anauburuza. Vizingiti virefu hatuvitaki."

Siku ya pili alituonyesha nyumba mbili, siku ya tatu moja. Ile ya tatu ndiyo hii. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma uani na jiko. Waliobuni nyumba hizi walikuwa na sisi akilini. Milango yote inatazamana, mzee akikohoa kila mtu anasikia, na bado kila mtu ana mlango wake wa kufunga. Nyumba za kisasa zina chumba kikuu na vyumba vidogo, na unajikuta unaamua nani katika ukoo ni mkuu. Hapa vyumba sita ni sawasawa.

Mchana niliipenda. Yeye akasema msinipe jibu, njooni saa mbili usiku na bi mkubwa. Tukaenda. Akamlaza shangazi kwenye kitanda cha kamba alichoazima kwa jirani, chumba cha pili kulia. Akazima taa zote, ya ukumbini na ya uani. Giza lilikuwa giza kweli. "Bi mkubwa, umebanwa. Nenda chooni." Tukasikia kitanda kikilia. Kiganja kinasugua ukuta. Hatua moja, kimya, hatua ya pili. Nilitaka kwenda kumshika, yule mama akanibana kiwiko. Shangazi akatoka ukumbini, akapapasa mlango wa uani, na pale kwenye kizingiti vidole vya mguu wa kushoto vikagonga. Hakuanguka, alijishika kwenye fremu, akatukana kwa Kibondei. Taa zikawashwa. Yule mama akapima kizingiti kwa shubiri, akahesabu hatua kwa kidole hewani, akasema, "Nyumba inafaa, choo hakifai. Choo kihamie ndani, la sivyo simpi mwenye nyumba jina lenu."

Akaenda kwa mwenye nyumba mwenyewe. Mwafaka wake ulikuwa hivi: kodi 400,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, chumba cha tatu kulia kikatwe nusu, nusu iwe choo cha kukaa chenye chuma cha kushikilia ukutani, gharama tugawane. Kazi nzima ilikula 1,150,000, kwa kuwa shimo lilikuwa karibu, nyuma ya ukuta uleule. Nusu iliyobaki ya chumba analala mwanangu wa kidato cha pili, ambaye mpaka leo hajanisamehe. Kutoka kitanda cha shangazi mpaka chooni sasa ni hatua tisa, hakuna kizingiti. Mama dalali alichukua kodi yake ya mwezi mmoja baada ya sisi kulala usiku wa tatu, si kabla. "Usiku wa kwanza mgeni haoni," alisema.

Asidhani mtu kwamba nampamba. Haandiki risiti, nililazimika kununua daftari nikamwandikia mwenyewe akatia sahihi. Anaongea mno, siri za mtaa mzima nilizijua kabla sijajua swichi ya jikoni iko wapi, na bila shaka mtaa nao ulijua zetu. Na kuna kitu alikikosa. Alipima nyumba kwa miguu yote, hakuinua macho juu. Masika ilipoanza bati la juu ya chumba cha wifi likavuja mahali pawili, moja likidondoka sawasawa juu ya begi la shule la mtoto. Nilipompigia alikuja na fundi, akamlipa fundi nusu kutoka mfukoni mwake bila kuombwa. Nyota nne na nusu. Nusu imebaki kwenye bati.

Kuhusu mji. Jambo la kwanza ni maji. Maji ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, na mamlaka ya maji ya hapa ndiyo iliyouza ile hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024. Baba anaipenda habari hiyo kuliko ya mpira. Kwangu mimi habari ni kwamba ndoo sita za akiba nilizobeba kutoka Tabata zimegeuka bustani ya mchicha. Jambo la pili, mji ni tambarare. Baba alinunua Phoenix iliyotumika, akaipanda akiwa na miaka 74 mbele ya mama aliyekuwa ameziba macho kwa khanga. Hapa wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wote wako kwenye baiskeli, kwa hiyo madereva wamezoea kusubiri.

Kliniki ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye mwinuko unaotazama bahari, na jengo la zamani la Wajerumani bado limesimama pale. Kutoka kwetu ni bajaji ya dakika chache. Mama ana kadi ya mstaafu ya bima ya afya ya taifa, NHIF, na kadi hiyo inamhusu na baba kama mwenzi wake. Shangazi hana bima, hakuwahi kuajiriwa na mtu. Kwake tulianzia ofisi ya serikali ya mtaa, tukapata barua ya msamaha wa wazee wasio na uwezo, na nawashauri mlio na wazee kama yeye mfanye hivyo wiki ya kwanza mkihamia, msisubiri augue. Kwa mambo makubwa ya moyo bado ni safari ya Dar, Taasisi ya Jakaya Kikwete. Tulilijua hilo tukakubali. Basi la kutoka huku linafika Mbezi baada ya saa tano au sita hivi, na baba anasema heri saa sita za barabara inayokwenda kuliko saa mbili na nusu za Buguruni. Kopo hakulitaja, wala mimi.

Salamu? Siku ya kwanza nilihesabu 23, kwenda na kurudi, duka la pili. Siku hizi siwezi kuhesabu kwa sababu harudi. Anatoka baada ya alasiri, msikiti uko hatua tisini, kijiwe cha bao kiko baada ya msikiti, na muuza kahawa yuko kati. Mama naye ameanza kufundisha watoto wa jirani kusoma, wanne, kwenye baraza letu, bila malipo, na anawachapa kwa macho tu. Samaki tunanunua Deep Sea asubuhi, mboga Mgandini.

Yasiyopendeza yapo. Januari mpaka Machi joto la Tanga halina huruma, shangazi alikuwa akilala uani mchana na kitambaa kilicholowa kichwani. Mbu wapo, nunueni vyandarua vipya, vya zamani vina matundu msiyoyaona. Chumvi ya bahari inakula chuma. Yale machuma ya dirisha niliyoyapaka rangi Januari yameshaanza kutoka kutu. Wanangu wakubwa wanasema mji unalala saa tatu. Ni kweli unalala, nami ninalala nao.

Kuna jambo moja lililoamua kikaoni ambalo watu hawaliandiki. Baba aliuliza waziwazi: tukifa tutazikwa wapi? Mama akasema yeye popote atakapozikwa baba. Shangazi akasema Muheza, kwa mama yake. Kutoka Dodoma au Morogoro ni kukodi gari na kusafiri saa nyingi na maiti. Kutoka hapa ni chini ya saa moja, asubuhi mnatoka, adhuhuri mmezika, jioni mmerudi kupika. Mtoto wa wifi alikuwa anasikiliza, akauliza kama Muheza kuna machungwa. Kikao kikaisha hapo.

Mkataba wetu unaisha mwezi ujao. Juzi mwenye nyumba ametuma ujumbe kwamba, kwa kuwa sasa nyumba ina choo cha ndani, anapandisha kodi kwa elfu hamsini. Choo tulichochangia nusu! Nilikuwa nimeshaanza kuandika jibu la hasira, baba akanyoosha mkono akaniomba simu. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kisha akanirudishia nisome: "Waalaikum salaam. Njoo Jumamosi alasiri tunywe kahawa. Uje na mkeo, shangazi ataeleza."